Maisha ya Kate Chopin, mwandishi aliyekataa kuhukumu

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, kila mmoja wetu alipewa hadithi fupi ya kigeni ailete katika Kiswahili. Mimi nilipata The Storm, yaani Dhoruba, ya Kate Chopin wa Marekani. Ni kurasa chache tu. Niliifanyia kazi kwa siku mbili, nikaitoa nikijua nitasifiwa. Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya neno moja lililotokea mara nne: mbaya. Mara nne nilikuwa nimeandika tamaa mbaya, na pembeni yeye aliniuliza hilo mbaya nimelitoa wapi. Nilirudi kwenye hadithi, nikaisoma mstari kwa mstari. Halimo. Mwandishi hakuliandika mahali popote. Ni mimi, kijana wa miaka 24, mtoto wa kwaya na wa methali za bibi yangu, niliyeliongeza bila kujua.

Ndiyo sababu nilianza kuyatafuta maisha ya mama huyu. Katika kitivo chetu tunawajua zaidi Wafaransa; Maupassant tumekutana naye tangu sekondari. Kate Chopin hatumsomi sana, ingawa yeye naye alimsoma Maupassant, akamtafsiri, kisha akaandika mambo ambayo wahariri wa nchi yake hawakuyapenda. Nilitaka kujua mtu anajifunzaje kusimulia mke aliyetoka nje ya ndoa bila kumtukana na bila kumtetea.

Nyumba ya wajane

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1850 katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, kando ya mto Mississippi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Katherine O'Flaherty. Baba yake, Thomas O'Flaherty, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland aliyefanikiwa sana katika biashara. Mama yake, Eliza Faris, alikuwa wa ukoo wa Wafaransa wa zamani, wale waliokaa mji ule kabla haujawa wa Marekani. Nyumbani mwao kulikuwa na watumwa, kama katika nyumba nyingi za wenye mali wa Missouri wakati ule. Hilo nalitaja mapema kwa sababu nitalirudia.

Tarehe 1 Novemba 1855 reli mpya ilikuwa inafunguliwa, na wakubwa wa mji walialikwa kupanda treni ya kwanza. Thomas O'Flaherty alikuwa ndani. Walipofika juu ya mto Gasconade daraja likavunjika, mabehewa yakaanguka, na baba wa Kate akafa pamoja na wengine. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Mama yake alikuwa bado kijana, lakini hakuolewa tena mpaka kufa kwake.

Tangu siku hiyo Kate alilelewa na wanawake watatu: mama, bibi, na mama wa bibi, wote wajane, wote chini ya paa moja. Nadhani jambo hili lina uzito kuliko shule zote alizosoma. Watoto wengi huona kila siku nani anaamuru na nani anaitikia, na hujifunza ndoa kabla ya kujua neno lenyewe. Kate hakuliona hilo nyumbani. Aliona wanawake wakihesabu fedha zao, wakipanga shughuli zao, wakila chakula kwa saa waliyoitaka.

Yule mama wa bibi, Victoire Charleville, ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Alimfundisha piano, akamzoeza kusema Kifaransa, na akamsimulia habari za wakazi wa kwanza wa St. Louis. Hazikuwa hadithi za kulaza mtoto. Zilikuwa habari za watu waliopendana bila ruhusa, za ndoa zilizovunjika, za wanawake waliosemwa na mji mzima. Walioandika maisha ya Kate wanakubaliana kwamba bibi huyo alimfundisha kuwatazama watu kwa utulivu, bila haraka ya kuwahukumu. Alifariki mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka huohuo kaka yake Kate kwa baba, George, aliyekuwa askari upande wa Kusini, naye alikufa kwa homa ya matumbo. Shule Kate alisoma kwa masista wa Moyo Mtakatifu, akamaliza mwaka 1868.

Mke wa Oscar

Tarehe 9 Juni 1870 Kate aliolewa na Oscar Chopin, mtoto wa familia ya wakulima wa pamba wa Louisiana, watu wa Kifaransa. Sisi wanaisimu neno hili aliolewa linatukawisha kidogo. Katika Kiswahili mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Kitenzi ni kilekile, ila mmoja ni mtendaji na mwingine anatendwa. Tunayo pia kuoana, lakini sikilizeni majirani zenu wanapotangaza arusi, mtaona ni mara ngapi wanalitumia. Sheria ya Louisiana ilikuwa na sarufi kama hiyo. Ilitoka katika desturi ya sheria za Ufaransa, na iliweka mke chini ya mamlaka ya mumewe. Kwetu pia, Sheria ya Familia ya mwaka 1987, yenye asili ya huko huko kupitia Ubelgiji, ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa matendo ya kisheria, mpaka iliporekebishwa mwaka 2016.

Walikwenda Ulaya kwa fungate. Walikuwa Paris tarehe 4 Septemba 1870, siku ile utawala wa Napoléon III ulipoanguka kwa sababu ya vita na Waprusi. Waliporudi walikaa New Orleans, ambako Oscar alikuwa dalali wa pamba. Kati ya mwaka 1871 na 1879 Kate alizaa watoto sita, wavulana watano na msichana mmoja. Hakuwa bado na miaka 30. Alivuta sigara, alipenda kutembea mjini peke yake, na alitazama bandari, masoko na magari ya kuvutwa na nyumbu. Jamaa za Oscar walilalamika, lakini Oscar mwenyewe, kwa habari tulizo nazo, alimwacha awe alivyo.

Ila Oscar si malaika wa hadithi hii. Mwaka 1874 alikuwa katika kundi la White League, jeshi la raia weupe waliotaka kuwanyima Weusi haki walizozipata baada ya utumwa, na alishiriki mapigano yao ya Septemba mwaka ule ndani ya New Orleans. Kate alikula meza moja na siasa hiyo. Msomaji Mwafrika hawezi kupita hapo akaangalia pembeni.

Mwaka 1879 biashara ya pamba ilianguka. Familia ilihamia Cloutierville, kijiji kidogo kaskazini-magharibi mwa Louisiana, Oscar akafungua duka. Desemba 1882 malaria ilimuua. Kate alibaki na watoto sita na madeni, akiwa na miaka 32. Hakukimbia. Alisimamia duka na mashamba kwa zaidi ya mwaka mzima, akaandika barua za kudai, akapima unga, akawasikiliza wateja. Watu wale, Wakrioli wenye mali na Wakadiani maskini, ndio waliokuja baadaye kujaza hadithi zake, pamoja na Kiingereza chao kilichojaa Kifaransa. Sisi wa Lubumbashi, ambao hatumalizi sentensi ya Kiswahili bila neno la Kifaransa, tunaisikia lugha ile kama lugha ya jirani.

Kijijini kulikuwa na maneno pia. Emily Toth, aliyechapisha kitabu kikubwa cha maisha yake mwaka 1990, alikusanya huko masimulizi ya familia kuhusu Kate mjane na Albert Sampite, mwenye shamba, mume wa mtu. Ni masimulizi, na mimi nayachukua hivyo. Lakini wanafunzi wa lugha wataona kwamba mwanamume anayerudi mara kadhaa katika hadithi zake, mwenye farasi na mashamba, anaitwa Alcée.

Kuandika katikati ya watoto

Mwaka 1884 alirudi St. Louis kwa mama yake. Mwaka uliofuata mama akafa. Katika miaka 30 alikuwa amempoteza baba, kaka, bibi, mume na mama. Daktari wa familia, Frederick Kolbenheyer, aliyekuwa anasoma barua zake na kuona ufundi ndani yake, ndiye aliyemshauri aandike kwa uzito. Maandishi yake ya kwanza yalitoka mwaka 1889, akiwa karibu na miaka 39. Mwaka 1890 alilipia mwenyewe uchapishaji wa riwaya yake ya kwanza, At Fault. Mikusanyo miwili ya hadithi fupi ilifuata: Bayou Folk mwaka 1894 na A Night in Acadie mwaka 1897.

Hakuwa na chumba cha kuandikia kilichofungwa. Aliandika sebuleni, ubao juu ya magoti, watoto wakiingia na kutoka. Kwa kiti hicho alitoa karibu hadithi 100. Wakati huo ndipo alipomgundua Maupassant. Aliona mtu aliyeacha mapambo ya zamani, akasema alichokiona. Alitafsiri hadithi kadhaa za Mfaransa huyo, na naamini kila mtafsiri anajua kinachotokea hapo: ukiibeba sentensi ya mtu kutoka lugha moja hadi nyingine, unajua mahali alipokataa kusema.

Watu wengi walimpenda kwa hadithi za mashamba na desturi za Louisiana. Lakini kuna hadithi nne zinazofuata njia nyingine, na hizo ndizo zilizonishika.

Ya kwanza ni A Respectable Woman, yaani Mwanamke wa Heshima, iliyotoka katika gazeti la Vogue Februari 1894. Bibi Baroda hakufurahi kusikia kwamba Gouvernail, rafiki wa mumewe, anakuja kupumzika kwenye shamba lao la miwa. Mgeni akafika, mtu mkimya asiyesumbua yeyote, na ukimya ule ukamkera zaidi. Usiku mmoja walikaa wawili kwenye benchi chini ya mti mkubwa. Mwanamume alizungumza polepole juu ya maisha yake. Mwanamke hakuwa anashika maneno, alikuwa anakunywa sauti. Alitamani kunyoosha mkono amguse uso. Akasimama, akaenda zake, na asubuhi akapanda treni kwenda mjini mpaka mgeni alipoondoka. Hapo mhubiri yeyote angefunga kitabu na kumsifu. Chopin hakufunga. Kabla ya mwaka kwisha, mke mwenyewe anapendekeza mgeni aalikwe tena. Mume anafurahi kwamba mkewe ameishinda chuki yake. Mke anacheka, anambusu, anamwambia kwamba ameshinda kila kitu na kwamba safari hii atamtendea mgeni vizuri. Mwisho. Msomaji anabaki na kitenzi hicho kushinda, na mwandishi hasemi ni chuki iliyoshindwa, au woga, au ahadi.

Ya pili aliiandika Aprili mwaka huohuo, nayo ni maarufu kuliko zote: The Story of an Hour, Hadithi ya Saa Moja. Louise Mallard ana ugonjwa wa moyo. Dada yake anamletea kwa uangalifu habari kwamba mumewe amekufa katika ajali ya treni. Analia, halafu anapanda chumbani peke yake, anakaa mbele ya dirisha wazi. Nje ni majira ya majani mapya, ndege wanalia, mchuuzi anaita. Polepole kitu kinamjia ambacho anaogopa kukipa jina: miaka iliyobaki itakuwa yake mwenyewe. Mumewe hakuwa katili. Alikuwa mwema, na yeye alimpenda mara nyingine. Sasa anaomba maisha yawe marefu, wakati jana tu alitetemeka akiwaza yatakuwa marefu. Anashuka ngazi, mlango unafunguliwa, mume anaingia mzima, hakuwa hata karibu na ajali. Mke anaanguka, amekufa. Madaktari wanasema ni furaha iliyomuua.

Ukijua maisha ya mwandishi, huwezi kuisoma hadithi hii bila kuona daraja la Gasconade. Katika hadithi habari ya treni ilikuwa ya uongo; katika nyumba ya O'Flaherty ilikuwa ya kweli, na mjane aliishi, akaamka asubuhi iliyofuata, akawa mwenye nyumba. Methali yetu inasema tamaa mbele, mauti nyuma. Hapa mauti yametangulia, tamaa ikazaliwa nyuma yake, ikaishi saa moja. Gazeti la Century liliikataa. Vogue waliitoa Desemba 1894.

Ya tatu, A Pair of Silk Stockings, yaani Jozi ya Soksi za Hariri, ya mwaka 1897, haihusu mwanamume. Bibi Sommers, mama wa watoto kadhaa, aliyewahi kuwa na maisha mazuri zaidi kabla ya kuolewa, amepata dola 15 asizozitegemea. Usiku halali, anapiga hesabu: viatu vya Janie, kitambaa cha mashati ya wavulana, kofia. Dukani, akiwa amechoka na hajala, mkono wake unagusa soksi za hariri. Anazinunua. Anazivaa palepale. Kisha viatu vya kufaa soksi, glavu, magazeti mawili ya bei, chakula katika mgahawa wenye vitambaa vyeupe, tamthilia. Jioni anapanda gari la kurudi nyumbani, akitamani lisisimame popote, liende naye milele.

Hii niliitafsiri kwa hiari yangu, nikamsomea mama yangu jioni moja akichambua maharagwe. Mama amelea watoto saba na analipa masomo yangu kwa meza yake ya sokoni. Kikwembe chake cha Jumapili nakijua tangu nikiwa shule ya msingi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama yule bibi alibakiwa na kitu katika zile dola. Nilimjibu kwamba hadithi haisemi. Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema kwamba ile si tamaa, ile ni haja. Alipofika karibu na mwisho wa sinia, akaongeza kwamba hata hivyo Janie alikuwa bado hana viatu.

Sijasoma uchambuzi wa kitabuni uliosema zaidi ya hapo. Chopin alijua mambo yote mawili, akayaacha yote mawili yakae ndani ya gari lile.

Dhoruba

Hadithi ya nne ndiyo ile ya mstari mwekundu. Aliiandika Julai 1898, kama mwendelezo wa nyingine ya mwaka 1892. Bobinôt, mkulima mdogo, na mtoto wake Bibi wa miaka minne wamekwama dukani kwa sababu ya mvua. Calixta, mke, yuko nyumbani anashona. Alcée anapita kwa farasi, anaomba kujikinga. Walipendana zamani, kila mmoja akaenda na mwingine. Radi inapiga mti karibu na nyumba, Calixta anashtuka, Alcée anamshika, na kinachofuata kinafuata. Mvua inakwisha, mwanamume anaondoka, mwanamke anacheka. Baba na mtoto wanarudi na matope miguuni, wakiogopa kugombezwa, Bobinôt amebeba mkebe wa kamba wa baharini anaowapenda mkewe. Hawagombezwi. Wanakula, wanacheka mpaka mbali. Usiku ule Alcée anamwandikia mkewe, aliyekwenda Biloxi na watoto, barua ya mapenzi, kwamba akae huko zaidi akipenda. Na mke yule anaipokea kwa furaha, kwa kuwa anapumua kwa uhuru kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Hakuna aliyegundua, hakuna aliyelia, hakuna aliyekufa.

Tamaa ilikuwa mbele, na nyuma hakuna mauti, kuna kamba mezani. Ndiyo maana kalamu yangu iliongeza mbaya: nilikuwa nangoja adhabu, na adhabu ilipokawia nikaitoa mimi. Nimejiuliza pia kama ningefanya hivyo kwa Alcée. Katika rasimu yangu neno lile lilitokea mara nne, na mara zote nne lilimwangukia Calixta. Kwetu mwanamume mwenye mwanamke wa nje husemwa ana ofisi ya pili, na watu hutabasamu. Mwanamke afanyaye vilevile, majina yake siwezi kuyaandika katika jarida hili.

Lakini nisimsifu mwandishi kwa kumwongezea maneno kwa upande mwingine. Kutohukumu si kubariki. Bobinôt katika hadithi ile ni mtu mwema. Anamsafisha mtoto matope kwa kijiti, anafikiria chakula cha mkewe. Kila nikisoma naumia kwa ajili yake. Maumivu hayo Chopin ameyaweka pale makusudi, karibu na kicheko cha Calixta, na hakuniambia lipi lina uzito zaidi.

Alijua anachokishika mkononi. Alikuwa na daftari la kuandikia kila hadithi ilipelekwa wapi na ilirudi lini. Dhoruba hakuipeleka popote.

Kitabu na kimya

Aprili 1899 riwaya yake The Awakening, yaani Kuamka, ilitoka Chicago. Edna Pontellier, mke wa mfanyabiashara wa New Orleans na mama wa watoto wawili, anagundua kwamba anataka kuchora, kuogelea, kupenda, na kukaa katika nyumba yake mwenyewe. Wachambuzi wengi walikikemea kitabu kuwa sumu. Hata Willa Cather, mwandishi kijana aliyekuja kuwa mashuhuri, alisikitika kwamba ufundi mzuri namna ile umetumika kwa habari kama hiyo. Edna anaishia baharini, kwa hiyo haikuwa kwamba amekosa mauti nyuma ya tamaa. Kosa la mwandishi lilikuwa kwamba hakusimama ufukweni kutoa fundisho. Alipotakiwa kujibu, alifanya mzaha kwamba hakutegemea mhusika wake angeharibu mambo namna ile, na kwamba alipogundua alikuwa amechelewa kumtoa kitabuni.

Mwaka 1900 mchapishaji alimrudishia mkusanyo wake wa tatu, aliokuwa ameukubali. Baada ya hapo aliandika kidogo tu.

Na hapa narudia nilichoahidi. Edna ana mlezi wa watoto, mwanamke wa damu mchanganyiko, anayeonekana tangu mwanzo wa kitabu. Hana jina. Saa za Edna za kuchora zinatoka mikononi mwa mwanamke huyo na mwa wapishi na wafuaji. Chopin aliyejua kusoma kiu ya soksi za hariri hakumuuliza mlezi yule anatamani nini. Mwaka 1893, katika Désirée's Baby, alikuwa ameonyesha vizuri jinsi ubaguzi wa rangi unavyoua ndani ya ndoa; lakini hata jicho lake lilikuwa na mahali lilipokomea.

Mwaka 1904 St. Louis ilifanya maonyesho makubwa ya dunia. Kate aliishi karibu, akanunua tiketi ya msimu mzima, akawa anakwenda mara kwa mara. Ndani ya uzio uleule walikuwepo watu wa nchi yetu: Ota Benga na wenzake, walioletwa kutoka Kongo na Samuel Verner ili watazamwe na umati kama vitu. Kwao pia hakukosekana hamu, ya nyumbani kwanza. Siku ya Jumamosi tarehe 20 Agosti, siku ya joto kali, Kate alirudi kutoka maonyesho amechoka. Usiku alimwita mwanawe akilalamika maumivu ya kichwa, kisha akapoteza fahamu. Alifariki tarehe 22 Agosti 1904, akiwa na miaka 54, akazikwa katika makaburi ya Calvary ya mji uleule alikozaliwa.

Ilipita miaka mingi akikumbukwa kama msimulizi wa desturi za Louisiana tu. Padri Daniel Rankin aliandika maisha yake mwaka 1932. Kisha Per Seyersted, mtu wa Norway, alichapisha maandishi yake yote mwaka 1969, na ndani yake ile Dhoruba, miaka 71 baada ya kuandikwa. Leo yeye ni miongoni mwa waandishi wanaofundishwa sana katika vyuo vya Marekani.

Mimi nilisahihisha tafsiri yangu. Kufuta mbaya kulikuwa rahisi. Shida ilibaki kwa neno tamaa lenyewe, kwa sababu katika Kiswahili limeshabeba hukumu tangu Kiarabu, ambako ni ulafi. Nilijaribu shauku, ikawa kama mashairi. Nilijaribu haja ya mama yangu, ikamfaa Bibi Sommers lakini kwa Calixta ikageuka utetezi. Mwishowe niliandika hamu, neno ambalo tunalitumia kwa chakula, kwa nyumbani, kwa mtu aliye mbali. Niliposoma mbele ya darasa, mwenzangu mmoja alisema nimempunguzia Calixta dhambi. Mwingine alisema sijampunguzia wala kumwongezea, nimemwacha kama alivyokuwa kabla sijafika. Mjadala uliendelea mpaka kengele, na nusu ya darasa ilikuwa bado inamtetea Bobinôt.